Diski ya Seva ya Barua Pepe Ikijaa: Okoa Nafasi, Usifute Ushahidi

Seva ya barua pepe iliyoishiwa nafasi haizimiki. Inawaka, inajibu, na mtu wa kwanza kugundua kasoro huwa ni mhasibu anayelalamika kwamba tangu asubuhi hajapata barua hata moja. Ndani ya seva jambo lenyewe ni rahisi. Kabla ya kupokea barua, Postfix huangalia nafasi iliyobaki kwenye diski yenye foleni yake. Nafasi hiyo ikiwa chini ya mara moja na nusu ya ukubwa wa juu unaoruhusiwa kwa barua moja, inakataa kupokea. Ukubwa huo, kama hukuugusa, ni baiti 10,240,000, kwa hiyo kizingiti ni takriban MB 15. Kama uliupandisha hadi MB 50 ili watu watume michoro na picha, kizingiti nacho kimepanda hadi MB 75.

Anayetuma hujibiwa hivi:

    452 4.3.1 Insufficient system storage

Angalia tarakimu ya kwanza. Jibu linaloanza na 4 humwambia mtumaji ajaribu tena baadaye. Linaloanza na 5 humwambia asirudi. Hapa ni 4, kwa hiyo seva ya upande wa pili inaihifadhi barua kwenye foleni yake na kurudi kubisha. Postfix kwa mpangilio wake wa kawaida huendelea kujaribu kwa siku 5, na seva nyingi nyingine zina uvumilivu wa namna hiyo. Maana yake ni kwamba diski iliyojaa saa moja iliyopita bado haijapoteza barua yoyote kutoka nje. Una muda wa kufikiri. Wanaoumia papo hapo ni watu wako wa ndani: wanaotuma wanapata ujumbe wa kosa, na Dovecot ikishindwa kuandika, hata kuhamisha au kufuta barua kunaweza kugoma.

Maelekezo haya yanahusu mseto wa Postfix na Dovecot juu ya Debian au Ubuntu, ambao ndio utakaoukuta kwenye seva nyingi ndogo za ofisi. Humo logi hukaa kwenye `/var/log/mail.log`. Ukitumia Rocky au AlmaLinux, faili ni `/var/log/maillog`. Ukitumia Exim kwenye Debian, angalia `/var/log/exim4/mainlog`. Kuanzia Debian 12, rsyslog haiwekwi tena yenyewe. Usipoiweka, logi zote zinabaki kwenye jarida la systemd na hutaona `mail.log` kabisa. Amri zote hapa zinaendeshwa kama root.

Kwa nini usianze na rm

Mkono huwa unawasha kuandika `rm /var/log/mail.log` na kumaliza kazi. Kuna sababu mbili za kuuzuia.

Ya kwanza: logi ya barua ni kama daftari la mlinzi getini. Haina yaliyomo ndani ya barua, lakini ina nani alituma, kwa nani, saa ngapi, kwa namba gani ya foleni, na seva ya upande wa pili ilijibu nini. Wiki tatu zijazo mtu atakuja kusema barua ya zabuni haikufika kabla ya muda kufungwa. Jibu lako la pekee lenye uzito ni mstari mmoja wenye `status=sent` na jibu la seva iliyoipokea. Zaidi ya hapo, diski iliyojaa logi mara nyingi imejaa kwa sababu kuna jambo linaendelea: mtu anabahatisha nywila, au akaunti imetekwa na inamwaga barua taka. Ukifuta logi umemfuta na shahidi.

Ya pili ni ya kiufundi, na imewatesa wengi. Ukifuta faili ambalo programu bado imelishikilia, jina linatoweka kwenye saraka lakini nafasi hairudi. rsyslog itaendelea kuandika kwenye faili lisiloonekana, `df` itaendelea kusema asilimia 100, na wewe utatafuta mafaili makubwa usiyaone. Nafasi inarudi tu programu hiyo inapoliachia faili.

Hatua za dharura

1. Thibitisha ni diski gani imejaa, na imejaa nini.

        df -h
        df -i

   Amri ya kwanza inapima baiti, ya pili inapima inodi, yaani idadi ya mafaili ambayo diski inaweza kubeba. Wengi huisahau ya pili. Mfumo wa Maildir huweka kila barua kwenye faili lake, na foleni ya Postfix hufanya vivyo hivyo. Seva inaweza kuwa na GB 5 tupu na bado ikasema hakuna nafasi kwa sababu inodi zimekwisha. Hali hiyo ikikukuta, kupunguza logi hakutakusaidia chochote. Tatizo liko kwenye visanduku vya barua au kwenye foleni.

2. Tafuta kilichokula nafasi.

        du -xh --max-depth=2 /var | sort -h | tail -n 20
        ls -lhS /var/log | head
        journalctl --disk-usage

   Usishangae ukikuta logi si mkosaji. Mara nyingine ni folda za barua taka ambazo hakuna aliyezisafisha tangu seva ilipowashwa, na mara nyingine ni nakala za akiba zilizoachwa kwenye diski hiyohiyo. (Nakala ya akiba inayokaa kwenye diski ileile inayoilinda haistahili jina hilo, lakini hilo ni somo la siku nyingine.)

3. Angalia kama kuna faili lililofutwa ila bado limeshikiliwa.

        lsof +L1

   Ukiona `mail.log` ikiwa na neno `deleted` pembeni, kuna aliyekutangulia na `rm`. Iambie rsyslog ifungue faili upya, na nafasi itarudi papo hapo:

        systemctl kill -s HUP rsyslog

   Lakini ukifanya hivyo, yaliyokuwemo yamepotea kabisa. Kama unayahitaji na una mahali pa kuyaweka, yanakili kwanza kutoka `/proc`, ukitumia namba ya mchakato na namba ya faili zinazoonyeshwa na `lsof`. Kwa mfano, mchakato ukiwa 812 na faili likiwa namba 7:

        cat /proc/812/fd/7 | gzip -c | ssh nakala@192.0.2.10 'cat > /hifadhi/mail.log.gz'

4. Pata pumzi kwa kufuta vitu visivyo na thamani.

        apt clean
        journalctl --vacuum-size=200M

   Ya kwanza inaondoa mafaili ya vifurushi vya programu yaliyopakuliwa; programu zenyewe haziguswi. Ya pili inapunguza jarida la systemd. Ifanye kama una rsyslog, maana mistari ya barua iliyomo humo iko pia kwenye `mail.log`. Kama huna rsyslog, jarida ndiyo logi yako ya pekee: litoe nje kwanza. Kwenye ext4 kuna akiba nyingine. Mfumo huo hutenga asilimia 5 ya diski kwa ajili ya root. Kwenye diski ya GB 20 hiyo ni GB 1 nzima, na `tune2fs -m 2` ikifuatiwa na jina la diski itakurudishia zaidi ya nusu yake bila kuzima kitu.

5. Hamisha logi za zamani, usizifute. Mafaili yenye mwisho wa `.gz` yamekwisha kufungwa na kubanwa. Hakuna programu inayoyagusa.

        rsync -av --remove-source-files /var/log/mail.log.*.gz nakala@192.0.2.10:/hifadhi/

   Faili la `mail.log.1` nalo limefungwa, ila halijabanwa, na mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote. Hapa kuna mtego: ukiandika `gzip /var/log/mail.log.1` kwenye diski iliyojaa, amri itakufa njiani, kwa sababu gzip huandika faili jipya lote kabla ya kufuta la zamani. Libane huku ukilisafirisha:

        gzip -c /var/log/mail.log.1 | ssh nakala@192.0.2.10 'cat > /hifadhi/mail.log.1.gz'
        ssh nakala@192.0.2.10 'gzip -t /hifadhi/mail.log.1.gz && echo salama'

   Ukiona neno `salama`, na hapo tu, lifute la kwako.

6. Faili linaloandikwa sasa hivi liwe la mwisho. Tuma nakala yake nje kwa amri ya gzip ya hatua ya 5, ukibadilisha jina la faili, kisha lipunguze hadi sifuri bila kuliondoa:

        truncate -s 0 /var/log/mail.log

   rsyslog huandika kila mara mwishoni mwa faili, kwa hiyo itaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mistari itakayoingia kati ya kunakili na kupunguza itapotea. Ni michache, na hapa inavumilika.

7. Hakikisha barua zinapita.

        systemctl restart rsyslog
        tail -f /var/log/mail.log

   Kuiwasha upya rsyslog ni tahadhari, maana baada ya diski kujaa inaweza kuwa imesitisha kuandika. Subiri uone `status=sent` kadhaa. Huna haja ya kupiga `postqueue -f` mara kumi. Postfix itaimaliza foleni yake kwa mwendo wake, na seva za nje zitarudi zenyewe.

> Tahadhari: foleni si logi
>
> Usiingie `/var/spool/postfix` kufuta mafaili kwa mkono. Humo ndimo zilimo barua za watu ambazo bado hazijafika. Ukitaka kuona foleni tumia `postqueue -p`, na ukitaka kuondoa kitu tumia `postsuper`. Amri ya `postsuper -d ALL` haiulizi mara mbili wala haina njia ya kurudi.

Logi imevimba kwa nini?

Umepata nafasi. Usipotafuta chanzo, utakuwa hapahapa wiki ijayo. Anza kwa kuona nani anaongea sana. Nachukua mistari 100,000 ya mwisho tu kwa makusudi: `sort` ikipewa faili zima huandika mafaili ya muda kwenye `/tmp`, na kwenye seva nyingi ndogo `/tmp` iko kwenye diski hiyohiyo iliyojaa. Kama ulishapunguza `mail.log`, fanyia kazi nakala uliyoituma nje.

    tail -n 100000 /var/log/mail.log | grep -oE '(postfix/[a-z/]+|dovecot)' | sort | uniq -c | sort -rn | head

Ikiwa `dovecot` ndiyo inayoongoza kwa mbali, fungua `/etc/dovecot/conf.d/10-logging.conf`. Mara nyingi utakuta `auth_debug = yes` au `mail_debug = yes`, iliyowashwa na mtu aliyekuwa akitafuta tatizo fulani, akalipata, akaondoka. Postfix nayo ina ugonjwa wake wa aina hiyo: alama ya `-v` iliyoachwa baada ya `smtpd` ndani ya `master.cf`, au `debug_peer_list` ndani ya `main.cf`. Zima, pakia upya, na tofauti utaiona saa hiyohiyo.

Ikiwa `postfix/smtpd` ndiyo inayoongoza, hesabu walioshindwa kuingia:

    grep -c 'authentication failed' /var/log/mail.log

Seva yoyote yenye anwani ya umma hubishiwa hodi na roboti usiku na mchana. Kila jaribio huacha mistari kadhaa: kuunganishwa, kukataliwa, kuondoka. Watu huweka fail2ban na kuona wamemaliza. Inasaidia, iweke, lakini haimalizi, kwa sababu wanaobahatisha hubadilisha anwani kila mara. Dawa iliyo bora kwa maoni yangu ni kuacha kabisa kutoa nafasi ya kuingia kwa nywila kwenye mlango wa 25. Mlango huo ni wa seva kuongea na seva. Watumiaji wako waingie kupitia 587 au 465. Weka `smtpd_sasl_auth_enable = no` kwenye `main.cf`, kisha kwenye `master.cf`, chini ya huduma ya `submission` na ile ya 465, weka `-o smtpd_sasl_auth_enable=yes`. Kabla hujafanya hivyo, pita ofisini uangalie mashine ya kunakili inayotuma skani kwa barua pepe. Karibu kila ofisi ina moja, na karibu kila moja imepangwa na fundi kutumia mlango wa 25.

Jambo la tatu ndilo baya zaidi: akaunti iliyotekwa. Angalia nani ameingia na kutuma mara nyingi:

    grep 'sasl_method=' /var/log/mail.log | sed 's/.*sasl_username=//' | sort | uniq -c | sort -rn | head

Mtu wa stoo anayetuma barua nne kwa siku akionekana na elfu sita, umempata. Fuata utaratibu huu bila kuruka:

1. Badilisha nywila ya akaunti hiyo. Mwambie mwenyewe kwa simu, si kwa barua pepe.
2. Kata vikao vilivyo wazi: `doveadm kick` ikifuatiwa na jina la mtumiaji, kisha `systemctl restart postfix` ili miunganisho ya kutuma ikatike pia.
3. Zuia barua zake zilizo kwenye foleni, uzikague kabla ya kuzifuta:

        postqueue -j | jq -r 'select(.sender=="stoo@example.org") | .queue_id' | postsuper -h -

4. Ukiridhika kuwa ni barua taka, rudia amri hiyo ukiweka `-d` badala ya `-h`.

Anwani ya mtumaji inaweza kughushiwa, kwa hiyo usishangae jina la kwenye foleni likitofautiana na jina lililoingia. Fuata namba ya foleni ndani ya logi, na utaona mojawapo ya faida za kutokuwa umeifuta.

Mstari mmoja, maandishi matatu

Hili halisemwi vya kutosha. Kwenye Debian yenye rsyslog, kila mstari wa barua huandikwa mara tatu: kwenye `mail.log`, kwenye `syslog`, na kwenye jarida la systemd. Fungua `/etc/rsyslog.conf` (kwenye Ubuntu ni `/etc/rsyslog.d/50-default.conf`) na utaona mstari huu:

    *.*;auth,authpriv.none    -/var/log/syslog

Alama za nyota zinamaanisha kila kitu, barua zikiwemo. Ongeza neno moja:

    *.*;auth,authpriv,mail.none    -/var/log/syslog

Kagua kwa `rsyslogd -N1`, na kama hakuna kosa, washa upya huduma. Kwa jarida, fungua `/etc/systemd/journald.conf`, weka `SystemMaxUse=300M`, kisha `systemctl restart systemd-journald`. Usipoliwekea kikomo, jarida hujiruhusu hadi asilimia 10 ya diski, mwisho GB 4. Kwa marekebisho haya mawili seva inaweza kupata nafasi kubwa kuliko ambayo ingeipata kwa kufuta logi za zamani, na hakuna mstari wa barua uliopotea.

Kuzungusha logi kwa mpango wako

Kazi ya kufunga logi ya zamani, kuibana na kufungua mpya hufanywa na logrotate. Debian huizungusha `mail.log` kila wiki na kubakiza nne. Kwa seva tulivu hiyo inatosha. Kwa seva inayoshambuliwa, wiki moja ni ndefu mno na mwezi mmoja ni mfupi mno: faili la wiki linaweza kujaza diski, na ushahidi wa mwezi uliopita haupo.

Kwanza, ondoa mstari wa `/var/log/mail.log` ndani ya `/etc/logrotate.d/rsyslog`. Usiporuka hatua hii utaepuka kosa la `duplicate log entry`, ambalo huifanya logrotate ikatae mojawapo ya mipango inayogongana. Kisha andika faili `/etc/logrotate.d/barua`:

    /var/log/mail.log
    {
        daily
        maxsize 200M
        rotate 90
        missingok
        notifempty
        compress
        delaycompress
        postrotate
            /usr/lib/rsyslog/rsyslog-rotate
        endscript
    }

Ijaribu bila kugusa kitu: `logrotate -d /etc/logrotate.d/barua`. Soma inachosema. Mstari wa `postrotate` ndio unaoiambia rsyslog iachie faili la zamani. Ukiuondoa, rsyslog itaendelea kuandika kwenye faili lililokwisha kubadilishwa jina. Wapo wanaopendelea `copytruncate` kwa sababu haihitaji mstari huo. Mimi siipendi hapa: hunakili faili zima kwanza, kwa hiyo inataka nafasi maradufu wakati ambao huna nafasi, na huangusha mistari inayoingia katikati.

Sasa mambo mawili ambayo watu huyaelewa vibaya. `maxsize` haimaanishi faili halitazidi MB 200. logrotate huamka mara moja kwa siku, na kati ya kuamka na kuamka haioni chochote. Ukitaka iangalie kila saa, andika `systemctl edit logrotate.timer` na uweke:

    [Timer]
    OnCalendar=
    OnCalendar=hourly
    AccuracySec=1m

Mstari mtupu wa kwanza si kosa; unafuta ratiba ya zamani.

La pili ni kwamba `rotate 90` inahesabu mafaili, haihesabu siku. Siku za kawaida faili moja ni siku moja, na 90 ni miezi mitatu. Lakini shambulio likijaza MB 200 kila saa, mafaili 90 yanaisha kabla ya siku nne, na historia yako yote ya miezi mitatu itasukumwa nje na kelele za roboti. Ndiyo maana nakala ya logi itoke kwenye seva kila usiku kwenda mashine nyingine. Kwenye cron inatosha amri ya rsync ya hatua ya 5 bila `--remove-source-files`, ila zipe nakala majina ya tarehe huko ziendako. Bila hivyo, `mail.log.2.gz` ya leo itaifuta ya jana.

> Kagua kabla hujaondoka kwenye seva
>
> - `df -h` na `df -i` zote ziko chini ya asilimia 80.
> - `lsof +L1` haionyeshi logi iliyofutwa.
> - `mail.log` ina mistari ya dakika hii.
> - Hakuna `auth_debug`, `mail_debug` wala `-v` iliyosahaulika.
> - Hakuna nakala ya majaribio ndani ya `/etc/logrotate.d`. Faili kama `rsyslog-ya-zamani` litasomwa kama mpango halali.

Zikae muda gani?

Pima kwanza. Gawanya ukubwa wa `mail.log` kwa siku ilizochukua kufika hapo. Logi ni maandishi yanayojirudia, hivyo gzip huibana sana, mara nyingi hadi sehemu ya kumi au chini ya hapo. Seva inayoandika MB 40 kwa siku itahitaji takriban MB 360 kwa siku 90 zilizobanwa, pamoja na mafaili mawili ya mwisho ambayo hayajabanwa. Nafasi hiyo haiwezi kumtisha mtu. Kutafuta ndani yake kunaendelea kama kawaida kwa `zgrep`, bila kufungua chochote.

Miezi mitatu inatosha kwa malalamiko mengi ya ofisi. Zaidi ya hapo jiulize kama unahitaji kweli, kwa sababu nani alimwandikia nani na saa ngapi ni taarifa binafsi. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote mbili hazitaki uhifadhi taarifa za watu kupita haja iliyokufanya uzikusanye. Andika muda mliokubaliana ofisini, uufuate, na nakala zilizo kwenye mashine nyingine nazo zifutwe kwa muda huohuo.

Upate habari kabla ya mhasibu

Kama unaweza kupanga seva upya, ipe `/var/log` sehemu yake ya diski. Ikijaa, logi zitasimama lakini barua zitaendelea kupita. Kama huwezi, weka akiba ya kutupa:

    fallocate -l 500M /var/akiba-ya-dharura

Siku diski ikijaa usiku wa manane, unafuta faili hilo, barua zinaanza kupita dakika hiyo, na unapata utulivu wa kufanya hatua zilizotangulia kwa mpangilio.

Mwisho ni kengele. Kosa la kawaida ni kupanga seva itume barua pepe diski ikifika asilimia fulani, kupitia Postfix ileile. Diski ikijaa ghafla, barua ya kengele nayo haitapata pa kuandikwa. Tumia njia isiyopita humo: ujumbe wa simu kupitia kampuni inayokupa huduma hiyo, au Telegram kama hapa, ukijaza namba zako mwenyewe:

    #!/bin/sh
    KIASI=$(df --output=pcent /var | tail -n 1 | tr -dc '0-9')
    INODI=$(df --output=ipcent /var | tail -n 1 | tr -dc '0-9')
    if [ "$KIASI" -ge 80 ] || [ "$INODI" -ge 80 ]; then
        curl -s -d chat_id="$NAMBA" \
             -d text="Diski ya barua: $KIASI%, inodi: $INODI%" \
             "https://api.telegram.org/bot$UFUNGUO/sendMessage" > /dev/null
    fi

Weka `NAMBA` na `UFUNGUO` juu ya hati, lipe faili ruhusa ya kusomwa na root peke yake, na liendeshe kwa cron kila dakika 15. Kisha lijaribu: shusha 80 hadi 1, usubiri simu ilie, uirudishe 80.